Wakili wa Malindi ameondoka, majalada yamebaki: uchambuzi wa kisa kimoja

Wakili tunayemzungumzia alikuwa na ofisi ya vyumba viwili ghorofani, Barabara ya Lamu, Malindi. Nyumbani kwake ni Shela, mtaa ule wa Malindi. Alifanya kazi peke yake bila mshirika, na karani wake alikuwa mmoja. Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumatatu, akazikwa siku hiyo baada ya sala ya Alasiri. Ameacha mke, mama mzazi anayeishi Langoni, Lamu, wavulana wawili na wasichana watatu. Kitinda mimba ana miaka 14. Baba mzazi wa wakili alishatangulia.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa mambo yanayozikuta familia za mawakili katika miji midogo ya pwani, na hesabu zake zimewekwa ili msomaji aone kazi inavyokwenda. Hakuna mtu halisi anayetajwa. Sheria na taratibu ndizo za Kenya.

Mji ulimjua kwa kesi za mashamba. Anayeijua pwani hatashangaa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wapeleke madai yao ili wapewe hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Wengi waliokuwa wakilima hawakudai, na wajukuu wao wangali wanaitwa maskwota juu ya mikorosho iliyopandwa na babu zao. Wakili wa Malindi anayekubali kesi kama hizo hukaa nazo miaka mingi, na malipo huja kidogo kidogo. Huyu alizikubali. Familia nayo ilimjua kwa jambo jingine: Magharibi ikiadhiniwa yuko nyumbani, na kuanzia hapo hadi Isha ni wakati wa watoto. Alikuwa akiwasikiliza wakisoma, na mteja aliyebisha hodi saa hizo aliambiwa kwa adabu aje kesho ofisini.

Tunaposema tunataka kumkumbuka mtu wa namna hii, wengi hukimbilia tanzia, picha na hotuba. Sisi tunashikilia kwamba heshima ya kwanza anayodaiwa wakili aliyefariki ni kuzilinda amana alizoacha: kesi za watu, hati za watu na fedha za watu. Taazia ikiandikwa kabla ya hayo kuwekwa sawa, atakayeisoma akiwa na kesi yake imefutwa hataamini hata mstari mmoja.

Siku za matanga

Maziko yenyewe hayakuwa na tatizo. Hospitali ilijaza fomu ya kifo, ile D1, na kibali cha kuzika kikatolewa. Angefia nyumbani, kazi hiyo ingekuwa ya naibu wa chifu, kwa fomu D2. Kibali cha kuzika si cheti cha kifo, na hapa ndipo familia nyingi huteleza: wanakiweka kibali kabatini wakidhani wamemaliza. Cheti huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo, na ikipita miezi 6 bila kifo kuandikishwa, usajili unakuwa wa kuchelewa na karatasi zinaongezeka. Bila cheti benki haisikii, kadhi hasikii, na msajili wa ardhi hasikii. Familia hii ilikiomba wiki ya kwanza, ikatengeneza nakala za kutosha na kuzithibitisha. Uamuzi huo mdogo uliwaokolea safari nyingi.

Kosa la kwanza lilifanywa kwa nia njema. Mtoto mkubwa aliizima simu ya baba yake, maana kila ikilia mama analia. Lakini mfumo wa Mahakama wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, ambao tangu mwaka 2024 umepelekwa nchi nzima, hutuma taarifa kwa wakili aliyesajiliwa kwenye kesi, kwa barua pepe yake na simu yake. Simu ikizimwa tarehe zinaendelea kupangwa, na hakuna anayezisoma.

Aliyenusuru jambo ni karani. Jumanne alikuja kuhani na dayari ya kesi iko kwapani. Akamwita kijana kando: “Mwanangu, najua huu si wakati wake. Lakini Alhamisi babako ana kesi mbili, Ijumaa moja. Mahakama haina habari kama tumezika.”

Siku hiyo hiyo akatafutwa wakili rafiki wa marehemu, mwenye cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi. Cheti hicho huisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hivyo ni jambo la kuulizwa, si la kudhaniwa. Barua mbili zikaandikwa, moja kwa mahakama, nyingine kwa tawi la Malindi la Chama cha Mawakili cha Kenya. Alhamisi yule rafiki alisimama mahakamani. Hakusimama kama wakili wa wateja, kwa kuwa hawajamtuma. Alisimama kama afisa wa mahakama, akaeleza kifo, akaomba kesi zisogezwe ili wenyewe wapate kuchagua watakayemtaka. Hakimu aliyeelezwa mapema mara nyingi hutoa nafasi. Kesi ikiitwa mara tatu na pasitokee mtu, huandikwa kwamba mdai hakufika, na kuirudisha ni maombi mapya, hati ya kiapo na gharama.

Ofisini

Baada ya hitma ya siku ya tatu ofisi ilifunguliwa. Waliingia watu watatu: wakili rafiki, karani, na mtoto mkubwa wa kiume. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake, na ni lazima mpaka huo usemwe mlangoni. Mtoto yupo kushuhudia mali: meza, kabati, kompyuta, sefu. Jalada la mteja hafungui. Siri kati ya mteja na wakili inalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, na ulinzi huo hauishi kazi inapoisha. Siri ni ya mteja. Marehemu hakuwa na haki ya kuitoa alipokuwa hai, basi mrithi wake ataipata wapi? Kwa sababu hiyo hiyo simu na kompyuta vilikabidhiwa wakili rafiki kwa kuandikiana, badala ya kuachwa nyumbani watoto wakisoma jumbe.

Kabatini palikuwa na majalada 118. Hai yalikuwa 41. Karani alitaka wapange kwa tarehe ijayo: yenye kesi wiki hii mbele, mengine nyuma. Ni njia ya haraka na inaonekana ya busara, lakini ina hatari kubwa. Jalada linaloweza kumwangamiza mteja mara nyingi halina tarehe kabisa. Katika yale 41 palikuwa na jalada la abiria wa bodaboda aliyevunjika mguu. Kesi ilikuwa haijafunguliwa. Hati ya madai ilikuwa bado rasimu, ndani ya kompyuta iliyofungwa kwa neno la siri ambalo hakuna aliyelijua. Dai la ajali lina miaka 3 tangu siku ya tukio, na zilibaki wiki 5. Kwenye dayari halikuwepo, kwa sababu dayari huandikwa tarehe za mahakama tu. Lingewekwa nyuma, lingefunguliwa baada ya miezi miwili likiwa limekufa.

Kwa hivyo yote 41 yalisomwa kuanzia karatasi ya kwanza. Iliwachukua siku nne. Kwa kila jalada waliandika kwenye daftari jipya: jina na simu ya mteja, mahakama na nambari ya kesi, hatua iliyofikiwa, tarehe ijayo, siku ya mwisho ya kisheria, fedha za mteja zilizopo, hati asili zilizopo, na ada ambayo marehemu alikuwa anadai. Safu ya “siku ya mwisho ya kisheria” ndiyo iliyolipa kazi yote. Humo ndimo ilimoonekana hukumu iliyotolewa siku 9 kabla ya kifo katika mahakama ya hakimu, na mteja alishindwa. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 30, basi zilibaki 21 siku ya kifo na 14 walipolifikia jalada. Ingekuwa ni rufaa ya kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi yake ni siku 14 tu, na nafasi ingekuwa imepita.

Jambo jingine linalowakwaza hata mawakili ni kesi iliyokwisha hukumiwa. Kabla ya hukumu, mteja hubadilisha wakili kwa notisi tu. Baada ya hukumu, Amri ya 9 kanuni ya 9 ya Kanuni za Mashauri ya Madai inataka ruhusa ya mahakama, au ridhaa iliyotiwa sahihi na wakili anayetoka na anayeingia. Anayetoka yuko kaburini, ridhaa haiwezekani. Njia iliyobaki ni kuomba ruhusa, na maombi hayo yaende pamoja na cheti cha kifo. Walioruka hatua hii wamejikuta maombi yao ya kuzuia utekelezaji yanatupwa kwa sababu wakili aliyeyaleta hayumo kisheria kwenye kesi, na dalali ameshafika mlangoni kuchukua ng’ombe.

Nani achukue majalada? Familia ilimwambia rafiki, “Yachukue wewe, ndugu yetu.” Hilo haliwezekani kwa kauli ya familia. Mteja harithiwi. Kila mmoja alipigiwa simu na kuandikiwa barua: wakili wako amefariki, jalada lako lipo, una haki ya kulichukua mwenyewe au kumtaja wakili umtakaye, na siku yako ya mwisho ni hii. Wasiopatikana kwa simu walitafutwa kupitia wazee wa mtaa na machifu wa Magarini na Mambrui. Aliyekuja alitia sahihi ya kupokea, karatasi kwa karatasi kwa zile zenye thamani. Tena Malindi ni mji mdogo. Katika majalada manne yule rafiki mwenyewe ndiye alikuwa wakili wa upande wa pili. Hayo manne hakuyafungua. Yalitengwa kwa jina la jaladani tu, yakasomwa na wakili mwingine. Ni jambo la dakika kumi, lakini likipuuzwa hukumu nzima inaweza kuja kushambuliwa.

Palikuwa na mvutano mmoja ambao tunausema wazi. Wakili ana haki ya kuzuia jalada mpaka alipwe ada yake, na haki hiyo huenda kwa wasimamizi wa mirathi. Mtoto wa pili alisema wateja wanaodaiwa wasipewe. Kwa jalada lililotulia, ni hoja. Kwa yule mwenye siku 14 za rufaa, kumzuilia ni kumvunja, na aliyeandika ada ile asingefanya hivyo. Wakakubaliana: wenye siku fupi wapewe majalada kwa ahadi ya maandishi kutoka kwa wakili mpya kwamba ada itatolewa kwanza fedha zikipatikana. Wengine wataletewa hesabu ya gharama, na kesi ya kuidai haifunguliwi kabla ya mwezi mmoja kupita tangu hesabu ifike.

Sefuni mlikuwa na hati miliki tatu za wateja na bahasha mbili za wasia wa watu walio hai, zimefungwa kwa lakiri. Hazikufunguliwa. Zilirudishwa kwa wenyewe, mkono kwa mkono.

Fedha

Taarifa ya benki ilionyesha akaunti ya wateja ina shilingi 2,340,000. Habari ikavuja, na kabla ya wiki kuisha pale matangani palikuwa na watu wanaosema marehemu ameacha “mamilioni”. Hapa ndipo pa kusimama imara. Akaunti ya wateja ni mtungi wa maji ya watu wengine. Wakili ameubeba tu. Kanuni za hesabu za mawakili zinamlazimisha aitenge na akaunti ya ofisi kwa sababu hiyo hiyo. Haiingii kwenye mirathi, hairithiwi na mtoto wala mke, na mdai wa marehemu hawezi kuikamata.

Daftari la wateja lilipojumlishwa lilitoa watu saba: mmoja fidia ya ajali 1,120,000, mmoja amana ya kununua shamba 350,000, na watano waliobaki jumla 825,000. Inakuwa 2,295,000. Tofauti na benki ni 45,000. Tofauti ya namna hii husababisha kelele nyingi, na mara nyingi maelezo yake ni mepesi: ilikuwa ada ambayo mteja alishapelekewa hesabu yake na kuikubali, marehemu hakuwahi kuihamisha kwenda akaunti ya ofisi. Hizo 45,000 peke yake ndizo za mirathi. Kama daftari lingezidi benki, hapo ingekuwa dalili mbaya, na familia ingepaswa kuita mhasibu na Chama cha Mawakili siku hiyo hiyo bila kuficha.

Zile 350,000 zina habari yake. Mnunuzi ni mkulima wa Magarini, Mkristo, ananunua shamba la 3,500,000 na ameweka asilimia 10 kwa wakili mpaka uuzaji ukamilike. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Miezi minne ilishapita na maombi yalikuwa hayajapelekwa. Bila idhini mkataba unabatilika, kinachobaki ni kudaiana pesa. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda, lakini nani anapenda kuanzia huko? Wakili mpya wa mnunuzi alijaza fomu wiki ya pili. Wapo waliomwambia mkulima yule apeleke dai lake kwa kadhi pamoja na warithi. Walimpoteza: mamlaka ya kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, ni kwa Waislamu waliokubali kufika mbele yake, na fedha zile hazikuwa mirathi.

Benki haikukubali kutoa hata senti bila amri, na ilikuwa na haki. Wasimamizi waliomba mahakamani hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali ya marehemu, na amri iliyotaja akaunti ya wateja kwa nambari yake, orodha ya wateja saba na kiasi cha kila mmoja, pamoja na wakili atakayepokea fedha hizo ndani ya akaunti yake ya wateja. Amri isiyotaja nambari hurudishwa. Hati hii ya muda haimruhusu mtu kugawa chochote. Na anayechota mali ya marehemu bila hati yoyote, iwe ni kuuza gari au kutoa pesa kwenye simu kwa neno la siri analolijua, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinamhesabu mkosaji: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mirathi

Familia ilichagua Mahakama ya Kadhi, Malindi. Mahakama Kuu nayo ina mamlaka, na hatari iliyopo ni ndugu mmoja kufungua huku na mwingine kule, zikatoka hati mbili kwa marehemu mmoja. Kaeni kwanza, amueni mlango mmoja.

Barua ya chifu ilikaribia kuharibu kila kitu. Chifu wa Malindi aliandika warithi anaowajua: mke na watoto watano. Bibi yao wa Langoni hakumtaja, kwa kuwa si mkaazi wake. Mama wa marehemu ana sudusi, yaani moja ya sita, na hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kumficha mrithi inaweza kufutwa hata baada ya miaka. Karani ndiye aliyeuliza, “Na mama?” Barua ikaandikwa upya. Jingine lilikuwa majina: kitambulisho kinasema Swaleh, hati ya nyumba inasema Saleh, na orodha ya mawakili ina jina la babu ambalo kwingine halimo. Hati ya kiapo inayosema kwamba wote hao ni mtu mmoja iliandaliwa mapema. Pwani yetu hili hutokea karibu kila nyumba, na msajili wa ardhi hasamehi herufi.

Kwa vile kuna mtoto wa miaka 14, wasimamizi hawawezi kuwa mmoja. Waliteuliwa mjane na mtoto mkubwa. Mjane alikuwa kizuka, yumo ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi. Wapo waliosema mambo yasubiri eda iishe. Si lazima. Karatasi zilipelekwa nyumbani, na kamishna wa viapo akaja yeye.

Kabla ya kugawa hutoka gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na wasia huo hauwi kwa mrithi mpaka wenzake waridhie. Madeni yalikuwa kodi ya ofisi, mshahara na haki za karani, kodi ya mapato ambayo wasimamizi hujaza kwa niaba ya marehemu, na deni moja ambalo watoto hawakulijua: sehemu ya mahari ya mama yao iliyoahirishwa, imeandikwa kwenye cheti cha ndoa. Mahari ni deni. Hulipwa kwa mke kabla ya mirathi, na fungu lake la urithi liko pale pale. Wajane wengi hulisamehe kwa kuona haya mbele ya wakwe. Huyu aliulizwa faraghani na kadhi, akachukua haki yake.

Kilichobaki, pamoja na nyumba ya Shela, kilithaminiwa 8,400,000. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto, mama ana sudusi, na kinachosalia ni cha watoto, mvulana mara mbili ya msichana. Mafungu yakigawanyika bila vipande ni 168: mke 21, mama 28, kila mvulana 34, kila msichana 17. Fungu moja ni 50,000. Hivyo mke 1,050,000, mama 1,400,000, kila mvulana 1,700,000, kila msichana 850,000. Kaka wa marehemu, ami yao, alitarajia kitu. Ndugu harithi akiwepo mtoto wa kiume, na ilibidi aambiwe hivyo na kadhi mwenyewe, si na watoto wa nduguye.

Mzozo pekee ulikuwa kiwanja cha Mayungu. Baba alikuwa amempa binti mkubwa, lakini hati ilibaki kwa jina lake. Kwa sheria ya Kiislamu hiba hutimia kwa tamko la mtoaji, kukubali kwa mpewa, na kukabidhiwa. Binti alileta mashahidi wawili wa tamko, na akaonyesha kwamba ua la kiwanja alijenga yeye, na kisima alichimba yeye, baba yake akiwa hai. Kiwanja kikatolewa nje ya mirathi. Asingekuwa amekishika, maneno ya upendo peke yake yasingetosha.

Nyumba haikuuzwa. Bibi wa Lamu alipewa fungu lake lote kwa fedha za benki akajitoa kwenye nyumba, utaratibu ambao makadhi huuita takharuji, na waliobaki wakaandikishwa kwa mafungu yao. Fungu la mdogo liliwekwa kwenye akaunti ya peke yake chini ya wasimamizi wote wawili.

Taazia

Kufikia arubaini majalada yote 41 yalikuwa yamepata pa kwenda, ndipo familia ikaketi kuandika. Rasimu ya kwanza ilimwita “wakili wa kwanza wa Malindi” na “mtetezi asiyewahi kushindwa”. La kwanza hakuna aliyeweza kulithibitisha. La pili ni uongo, na mji unajua. Yakatoka yote mawili, yakaingia mambo yanayoshikika: mwaka alioandikwa kwenye orodha ya mawakili kama ulivyo kwenye cheti chake, madrasa aliyosoma, shule, na hukumu tatu za kesi za ardhi zilizochapishwa, ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Mtoto wa pili alitaka kueleza kesi moja ya familia kubwa ya mjini ambayo baba aliisuluhisha bila kufika mahakamani. Kisa kitamu, lakini ni siri ya mteja, na wenyewe hawakuombwa ruhusa. Kikaachwa.

Kilichobaki kilipata nguvu kwa kuwa kidogo. Binti mkubwa aliandika aya ya nyumbani: kwamba baba aliandika risiti hata kwa mzee aliyelipa shilingi 200, nakala ya karatasi ya kaboni ikibaki kitabuni; kwamba kati ya Magharibi na Isha hakuwa wakili wa mtu; kwamba aliposhindwa kesi alimwambia mteja siku ile ile, uso kwa uso, na siku za rufaa zilizobaki akamhesabia kwa vidole. Vitabu vya risiti vilikuwepo ofisini, kwa hivyo hata hilo lina ushahidi.

Taazia ilisomwa hitmani kwa dakika saba, ikapelekwa pia tawi la Malindi la Chama cha Mawakili. Aya yake ya mwisho ilitaja jina la wakili aliyekabidhiwa majalada 77 yaliyofungwa, ofisi yake ilipo, na simu ya karani, ili mwenye karatasi yake humo ajue pa kubisha hodi. Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja kutoka Mambrui kutafuta mkataba wa mwaka 2009. Jalada lilikuwa nambari 62 kwenye daftari. Karani akalitoa, mama akatia kidole, akaondoka nalo.